Kijiko Kimoja cha Maziwa ya Gaju

Ukifika kwenye wodi yetu ya uzazi hapa Baraka, mashariki ya Kongo, asubuhi, kabla hujaonana na muuguzi yeyote utakutana na mama mmoja mrefu, mkavu, aliyejifunga kitambaa cha kijivu kichwani. Anaketi kwenye benchi la mlangoni na kumtazama kila apitaye. Hatazami uso, anatazama kikapu. Akiona thermos anauliza ndani kuna nini, na ni ya nani. Kama ni ya mzazi, unapita. Kama ni ya mtoto, hupiti mpaka mmeongea.

Hajaajiriwa. Hana koti jeupe wala kibali cha mtu. Mlinzi alijaribu kumwondoa mara mbili, na mara zote mbili nilitoka nikamgombeza mlinzi mpaka akanywea. Mimi ni Isidore, muuguzi wa miaka ishirini na sita kazini, Mubembe wa Lubondja, na hasira zangu zinajulikana kutoka hapa hadi Fizi mjini. Wanafunzi wa uuguzi wananiita Pilipili wakidhani sisikii. Ila mbele ya mama huyu ulimi wangu huwa mfupi. Nitaeleza kwa nini, maana yale yanayosemwa juu yake sokoni ni nusu tu ya habari, na nusu iliyobaki ni yangu.

Jina lake ni Nyiransengimana. Alizaliwa Bibokoboko, kule juu kwenye baridi na malisho, akaolewa hukohuko, akazaa watoto saba na kuzika watatu. Alikamua ng'ombe kila siku ya maisha yake tangu akiwa binti mdogo, na ukimpa mkono leo utausikia: vidole vigumu, lakini vinashika kwa upole. Kisha vikaja vita vya milimani. Nitavitaja mara moja tu, kwa sababu hapa kila upande una makaburi yake, nami sina mizani ya kuyapima. Vilichukua mume wake, nyumba yake, na ng'ombe wote isipokuwa mmoja, jike mwekundu aitwaye Gaju. Gaju walimficha bondeni siku tatu, wamemfunga mdomo kwa kamba ili asilie.

Mwanawe wa mwisho, Kagabo, alioa msichana mpole anayeitwa Umulisa, na kilichobaki cha ukoo ule kilikuwa kinangoja tumbo la Umulisa. Lazima mjue pia desturi ya nyumba yao. Mtoto akizaliwa hutajiwa ng'ombe wake, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yanayogusa ulimi wake katika siku za kwanza, kijiko kimoja tu. Si chakula, ni salamu. Watoto saba wa Nyiransengimana walisalimiwa hivyo, na mama yake alisalimiwa hivyo, na kwao mtoto ambaye hajasalimiwa ni kama mgeni aliyeachwa uani.

Umulisa alishikwa na uchungu kule juu, mtoto akakataa kutoka. Walimbeba kwenye kipoyi, machela ya miti, usiku na mchana mpaka huku chini, na Jumanne asubuhi daktari wetu akampasua. Alitoka mtoto wa kiume, mwenye kilo mbili na nusu, analia vizuri. Kagabo akamwita Mpano, yaani zawadi. Nyiransengimana alicheka, Georgette ananiambia. Georgette ni mwenzangu wa zamu, na aliona kicheko hicho. Mimi sikukiona, maana nilikuwa namtazama mtoto mdomoni.

Povu lilikuwa linatoka. Unafuta, linarudi. Unafuta tena, linarudi, jeupe, jepesi, kama la sabuni. Mtu asiyejua atasema mtoto ana mate mengi, itapita. Mimi nilichukua mpira mwembamba wa kulishia nikaupitisha mdomoni polepole. Ulifika sentimita kumi ukagoma. Nikausukuma kidogo, ukajikunja ukarudi.

Nitasema kwa maneno mepesi. Kuna watoto ambao njia ya chakula haikukamilika tumboni mwa mama. Kipande cha juu kinaishia kooni kama mfuko uliofungwa. Kipande cha chini kinatoka tumboni, na mara nyingi kinaungana na njia ya hewa. Kwa hiyo mate hayana pa kwenda, na maziwa yakiingia hayafiki tumboni kamwe. Yanajaa ule mfuko, yanafurika, yanaingia kwenye mapafu. Mtoto anazama kwa maziwa ya mama yake mwenyewe. Dawa yake ni moja tu, kufungua kifua na kuviunga vile vipande viwili, na kazi hiyo haifanyiki Baraka.

Kabla ya Mpano nilikuwa nimeona watoto kumi na mmoja wa namna hiyo. Wote walikufa. Wengine niliwatambua baada ya kunyonyeshwa siku mbili, wengine niliwatambua mapema lakini barabara ilikuwa imefungwa, au hapakuwa na mpasuaji popote. Mtu akizika kumi na mmoja hubadilika. Mimi nilibadilika nikawa mtu wa amri.

Safari hii palikuwa na njia, na ndiyo maana mpaka leo inaniuma. Bukavu alikuwepo daktari anayepasua watoto wachanga. Ndege ndogo ya mashirika ya misaada ilikuwa inatua kwetu Ijumaa, na walikubali kumchukua mtoto na mtu mmoja wa kumsindikiza. Nilimpigia simu yule daktari mwenyewe. Aliniambia mlete akiwa na mapafu safi, mimi nitamuunga. Jumanne hadi Ijumaa. Tulitakiwa tu kumweka mtoto siku tatu bila tone lolote kupita mdomoni, tumwekee maji ya mshipani, tumlaze ameinuka kidogo, na kila dakika kumi tuvute mate kwa bomba la sindano lililounganishwa na mpira. Kazi ya kuchosha, lakini si ngumu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita nilijiruhusu kuhesabu siku kwa furaha.

Sasa nisikilizeni nilivyofanya. Nilimweleza Umulisa. Alikuwa bado ana usingizi wa dawa, lakini Kiswahili anakijua vizuri, akanijibu kwamba amesikia. Kisha nikachukua karatasi nikaandika kwa herufi kubwa, Kifaransa, kama tunavyoandika kila kitu hospitalini: RIEN PAR LA BOUCHE. Maana yake, asipewe kitu kwa mdomo. Nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Nyiransengimana alikuwa amesimama pembeni. Aliniuliza mtoto atanyonya saa ngapi. Nilikuwa na mama mwingine chumba cha pili, mtoto wake amekaa vibaya, na nilikuwa nimechoka kueleza mambo kwa mabibi, maana mabibi huuliza, ukijibu wanauliza tena. Nikamwonyesha ile karatasi kwa kidole. Nikatoka.

Kidole tu. Sikumpa hata neno.

Mjiweke mahali pake, kama mimi nilivyojiweka baadaye, baada ya muda kupita. Mama wa milimani, asiyejua kusoma, ameketi katika mji ambao haendi sokoni peke yake. Anakuja mwanamume wa kabila ambalo vijana wake walipigana na vijana wa kwake. Anabandika karatasi ukutani, na tangu karatasi ile ibandikwe, mjukuu wake hapewi kitu. Mtoto analia njaa. Maji ya mshipani yanamweka hai lakini hayamshibishi, na kilio cha mtoto wa namna hiyo kina mkwaruzo, kinakuingia kwenye mifupa. Jumatano nzima alilia. Wauguzi wanakuja, wanavuta povu, wanaondoka. Hakuna anayemwambia kitu. Angefikiri nini? Mimi ningekuwa yeye ningemnyakua mtoto nikakimbia.

Yeye hakukimbia. Alimtuma Kagabo kwa Gaju.

Kagabo alipanda Bibokoboko na kushuka bila kulala. Alhamisi adhuhuri aliingia wodini miguu imevimba, mkononi ana chombo kidogo cha mti chenye kifuniko cha majani kilichosukwa, na ndani maziwa. Georgette alikuwa amekwenda kubadilisha mashine ya oksijeni iliyokuwa inagoma. Mimi nilikuwa chumba cha pili, mikono yangu ina damu ya mtu mwingine. Ilikuwa dakika tano, labda sita.

Kitandani alikuwepo Umulisa, na Umulisa alijua. Nilimwambia mwenyewe, na alielewa. Lakini kwao mke hamkatazi mama mkwe. Hata jina lake halitamki. Tangu aolewe alikuwa hajawahi kumwambia hapana, na siku aliyotakiwa kusema hapana ya kwanza alikuwa amelala na mshono tumboni, na mama mkwe amesimama juu yake na kitu kitakatifu cha nyumba yao kwenye kijiko. Alifungua mdomo, anasema mwenyewe, na sauti haikutoka. Akageuza uso ukutani.

Nilichosikia mimi ni kikohozi. Kikohozi cha mtoto wa siku tatu ni kidogo sana, lakini nilikitambua kupitia ukuta. Nilipofika alikuwa amegeuka rangi ya majivu, midomo ya buluu. Nikavuta maziwa. Nikavuta tena. Nikampa hewa kwa mfuko, nikamgeuza, nikavuta. Alirudi. Rangi ilirudi, lakini kifuani mlikuwa na sauti ya maji, na nilipoweka kipimo changu sikioni nilijua maziwa yameshaingia mapafuni.

Nikamgeukia yule mama. Nilimfokea mbele ya wodi nzima. Nilimwambia ule msemo wa kizamani, mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, na nikauongezea maneno yangu ambayo sitayaandika hapa. Alisimama wima na kijiko mkononi. Alisema neno moja tu, kwamba mtoto alikuwa analia njaa. Mimi nikaona ni ujinga. Sikujiuliza ni nani aliyemwacha katika ujinga huo.

Usiku ule mtoto alipata homa. Ijumaa asubuhi ndege ilitua, naye bado anapumua, mbavu zinaingia ndani kila pumzi. Nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja. Umulisa hakuweza kukaa. Kagabo alishika bomba la sindano akalidondosha. Hapo Nyiransengimana akanyoosha mkono wake. Nilikuwa na hasira ya kumla mtu, lakini hapakuwa na mwingine, nikamwonyesha: shika hivi, vuta polepole, ukiona povu tu, vuta. Alivuta mara moja na nikaacha kumfundisha. Wanafunzi wangu wanahitaji wiki mbili kupata mkono ule. Yeye alikuwa nao tangu kwenye chuchu za ng'ombe wa baba yake.

Alipanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake na hakutazama dirishani hata mara moja, rubani alinisimulia. Alikuwa anatazama mdomo wa mtoto.

Daktari wa Bukavu alinipigia Jumamosi. Alisema vile vipande viwili vimekaribiana, kuunga ni rahisi, angefanya kwa saa mbili. Lakini mapafu hayawezi kubeba usingizi wa dawa, tungoje yasafike kwanza. Nilimuuliza kama yangekuwa safi je. Akasema, angekuwa ameshapasuliwa. Alisema hivyo bila ubaya wowote, nami nilikata simu nikakaa chini kwenye sakafu ya korido.

Mpano alikufa Jumatatu. Alikuwa na siku sita. Nasikia wauguzi wa kule ilibidi wamfungue vidole yule bibi ili waondoe bomba la sindano, maana alikuwa bado anavuta mate ya mtoto ambaye hapumui. Watu wa kanisa lake walimsaidia kumzika hukohuko.

Alirudi kwa barabara ya Uvira, siku mbili kwenye lori, peke yake. Hakwenda kwanza kwenye nyumba ya kanisa hapa mjini, Umulisa na Kagabo walikopewa hifadhi. Alikuja moja kwa moja wodini na vumbi la njia mwilini mwake. Nilikuwa napanga dawa. Alikwenda mpaka kwenye kile kitanda, ambacho sasa kilikuwa na mama mwingine, akasimama chini ya karatasi yangu. Ilikuwa bado ipo. Sikuwa nimeiondoa, kwa uvivu tu.

Akaniita, akaniomba niisome. Nikaisoma kwa Kifaransa. Akauliza maana yake ni nini, nikamwambia: asipewe kitu kwa mdomo.

Alingoja kidogo, kama mtu anayefikiri msomaji hajamaliza.

"Ni ile tu?"

"Ni ile tu, mama."

"Maneno kidogo hivi," akasema. "Juu ya nini haukuniambia na kinywa? Mi sijue kusoma. Uliniona mi niko pale."

Nikamwambia nilimweleza Umulisa. Alinitazama bila chuki, na ningependa ingekuwa chuki.

"Umulisa ni muke wa mwana wangu. Angenikataza namna gani?"

Halafu akaenda kukaa kwenye benchi la mlangoni. Kesho yake alirudi akakaa palepale. Siku ya tatu alimsimamisha bibi mmoja wa Kibembe aliyekuwa na chupa ya maji ya sukari, akamuuliza ni ya nani. Nilidhani watapigana. Nyiransengimana alimwambia kwa Kiswahili chake cha milimani kwamba yeye alimuua mjukuu wake na maziwa, kwa hiyo anaomba muganga, yaani mimi, aone kwanza mdomo wa mtoto. Bibi yule aliingia mbio, akaniita nije nimtazame mtoto. Mtoto alikuwa mzima. Nikampitisha mpira, ukashuka mpaka tumboni, nikamwambia anyonye.

Basi ikawa hivyo. Kila siku anasema sentensi ile, kwa kila bibi. Mi niliua mujukuu wangu na maziwa. Anaisema kama mtu anayetaja kijiji anakotoka. Sokoni wakaichukua, wakaanza kumwita yule mama aliyeua. Watoto wa mtaani wakamwimbia. Hakukanusha hata mara moja. Umulisa alikuwa akimletea chakula mchana, wanakula pamoja kwenye benchi, na kati yao neno la siku ile halijatajwa, najua hivyo kwa sababu Umulisa alikuja siku moja kunililia mimi. Aliniambia yeye ndiye aliyeua, kwa kugeuka ukutani. Nikamwambia hapana. Hata hapo sikumwambia ni nani basi.

Niliiondoa karatasi, ndiyo. Niliichana vipande vipande na kuvitia kwenye jiko la kuchomea taka. Tangu hapo nikaanza kueleza kwa kinywa, kila jamaa, kila bibi, hata wakiuliza mara kumi. Lakini kwa miezi minane nilimwacha mwanamke yule akae mlangoni pangu na kubeba mzigo wa watu wawili. Nilikuwa napita mbele yake na koti langu jeupe, nasikia akijiita muuaji, na nanyamaza. Mtu anaweza kuwa na sauti kubwa kama yangu na bado akawa mwoga.

Kisha akazaliwa wa kumi na tatu.

Alitoka Lubondja, kijiji changu mwenyewe. Baba yake ni Bertin, fundi wa pikipiki, na bibi yake ni mama mnene mwenye sauti, tunamwita Mama Roger kwa jina la mwanawe mkubwa. Mke wa Bertin alikuwa amepoteza damu nyingi, amelala tu. Mtoto akaanza kutoa povu. Mpira ukagoma kwenye sentimita kumi. Ilikuwa Jumatano, na ndege ni Ijumaa.

Nilieleza. Nilichora hata picha ya koo kwenye sanduku la glavu. Bertin alielewa. Mama Roger alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, na nilipogeuka nilimkuta amefungua chupa ya maji ya sukari na kijiko kiko mkononi. Alisema amelea kumi, na mate ni mate. Nyiransengimana alikuwa ameingia kutoka mlangoni, maana alikuwa ameiona chupa ile ikipita akazuiwa na umati. Aliposema asimpe, Mama Roger alisikia ile lafudhi. Uso ukabadilika. Akaniuliza kwa sauti, watu wote wasikie, tangu lini mtoto wa Lubondja anashindishwa njaa kwa neno la mwanamke wa milimani, na mimi nimelipwa nini.

Wodi ikanyamaza. Najua ukimya wa namna ile katika nchi yetu. Ni watu wanaoanza kujipanga upande huu na upande ule.

Nyiransengimana akasema sentensi yake. Safari hii aliisema hadi mwisho.

"Mi niliua mujukuu wangu na maziwa. Kijiko kimoja. Alikuwa na siku tatu."

Mama Roger akanigeukia akaniuliza kwa Kibembe, lugha yetu, kama ni kweli. Ningeweza kusema ndiyo, mambo yakaisha. Lilikuwa jibu la kweli hata, kwa kipimo cha soko. Kijiko kilikuwa bado hewani, karibu na kidevu cha mtoto. Nikajibu kwa Kiswahili ili wote wawili wasikie.

"Ni kweli nusu. Ye alimupa maziwa. Mi nilijua maziwa itamuua, na sikumuambia. Nilibandika karatasi. Tulimuua wawili."

Sikumtazama Nyiransengimana nilipokuwa nasema, sikuweza. Nilimtazama Mama Roger. Alinitazama muda mrefu, anapima kama Pilipili anaweza kudanganya kwa jambo la kujishusha namna ile. Kisha akarudisha yale maji ya sukari ndani ya chupa, akafunga kifuniko kwa nguvu, akauliza basi afanye nini.

Siku mbili zile Nyiransengimana hakukaa kwenye benchi. Alikaa kitandani kwa mtoto wa Lubondja, akimfundisha Bertin kuvuta. Alimshika mkono wake mweusi wa grisi akamwongoza: polepole, usivute kwa hasira. Mama Roger aliketi upande wa pili, mikono amekunja, halali, na mtoto alipolia njaa walilia wote wawili, kila mmoja kwa lugha yake. Ijumaa tulimpakia mtoto kwenye ndege. Niliweka kipimo kifuani mwake mara ya mwisho pale uwanjani, injini inanguruma, na sikusikia maji. Kumi na watatu, na huyu ndiye wa kwanza kuondoka hapa na mapafu makavu.

Walimpasua Jumapili. Baada ya hapo simu ikawa adui yangu. Siku ya pili alikuwa na homa. Siku ya nne homa ilishuka. Siku ya tano mtandao ulikatika Baraka nzima, na Nyiransengimana alikuwa ananiuliza asubuhi na jioni, nami sina la kumjibu. Mama Roger alikuja kutoka Lubondja akakaa kwenye benchi pamoja naye. Hawakuwa marafiki. Walikuwa wanangoja simu moja.

Siku ya tisa Bertin alinipata. Wamempiga picha ya koo, mshono hauvuji. Mama Roger alipiga kelele akaanguka kifudifudi, akasali, akaondoka mbio kutafuta pikipiki ya kumrudisha nyumbani kuwaambia watu. Nyiransengimana alibaki pale alipo. Nikaketi karibu naye. Nikamwambia kwamba kesho watamjaribu mtoto kwa maziwa.

Aliposikia neno hilo alivuta kitambaa chake mbele, kikafunika macho.

"Ngapi?" akauliza.

"Kijiko kimoja, mama. Cha kuanza."

Mikono yake ilikuwa magotini, viganja juu, vitupu.

"Hata mi," akasema, "nilimupa kimoja tu."

Nilikaa naye mpaka mwanamke mmoja akatokea getini na thermos mkononi, naye akajifuta uso, akanyanyuka kwenda kumuuliza ndani kuna nini.